Gari linazima na kukosa nguvu: maswali tunayoulizwa gereji kila wiki

Majibu haya yanazihusu zaidi Toyota ndogo za petroli zenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,496: IST, Raum, Probox, Fielder, Premio ya 1.5 na ndugu zao. Ndizo zilizojaa barabarani kwetu, na ndizo ninazozifungua kuliko nyingine zote. Mengi ya haya yanafaa gari lolote la petroli lenye injekta. Nimeamua kuyaandika kwa sababu inaniuma kumwona mtu kabadilishiwa pampu, akabadilishiwa koili ya kuwasha plagi, akauziwa na kontroli boksi (kompyuta ya injini), kisha analeta gari lilelile likiwa na ugonjwa uleule.

Gari limezima ghafla nikiwa kwenye mwendo. Nifanye nini kwanza?

Shika usukani kwa mikono miwili, maana utakuwa mzito. Usichomoe funguo wakati gari bado linatembea, usukani utajifunga. Breki bado zipo, lakini msaada wake unatokana na mvuto wa hewa wa injini, na injini ikishazima unabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu hivi. Kwa hiyo kanyaga mara moja, kwa uthabiti, usipampu. Washa taa za tahadhari, tia gia N, sogea kushoto mpaka utoke barabarani, weka pembetatu nyuma kwa mbali.

Kabla hujampigia mtu simu, tazama dashibodi. Joto la injini liko wapi? Taa gani zinawaka? Kama mshale wa joto umepanda juu, usipige stata tena na usifungue kifuniko cha rejeta. Acha ipoe. Injini iliyochemka na kulazimishwa kuwaka inaweza kupinda silinda hedi, na hapo gharama inakuwa nyingine kabisa.

Fundi ananiuliza "linazimaje?" Linazima tu! Anataka nimjibu nini?

Hilo ndilo swali la maana kuliko yote atakayokuuliza, na jibu lako linaweza kukuokolea laki kadhaa. Gari linaweza kuzima kwa njia nyingi, na kila njia inanyoosha kidole upande wake.

Kwanza, lilikata ghafla kama mtu aliyezima swichi, au lilianza kukohoa, likapungua nguvu, ndipo likazima? Kukata ghafla mara nyingi ni umeme: sensa ya kranki, swichi ya funguo, relei, waya uliolegea. Kukohoa na kufa taratibu mara nyingi ni petroli isiyofika au hewa isiyo na kipimo.

Pili, ilikuwa asubuhi injini ikiwa baridi, au baada ya saa nzima ya foleni? Kuna vifaa vinavyofanya kazi vizuri vikiwa baridi, vikipata moto vinagoma.

Tatu, ulikuwa umekanyaga mafuta au umeachia? Linalozima ukiachia, kasoro yake inakaa zaidi kwenye hewa ya sailensa, yaani injini ikizunguka yenyewe bila kukanyagwa mafuta. Linalokosa nguvu ukikanyaga, tafuta petroli, moto wa plagi au njia ya moshi.

Nne, liliwaka tena baada ya muda gani? Tano, tangi lilikuwa na kiasi gani, na ulijaza wapi mara ya mwisho? Sita, kulikuwa na mvua, au injini ilikuwa imetoka kuoshwa?

Yaandike kwenye simu siku ileile. Baada ya wiki kumbukumbu zinachanganyika, na fundi anabaki kubahatisha kwa pesa zako.

Likipata moto linazima. Nikisubiri nusu saa linawaka kama halikuwa na tatizo. Ni pampu?

Inaweza kuwa pampu. Lakini mtuhumiwa wangu wa kwanza hapa ni sensa ya kranki. Ni koili ndogo iliyokaa karibu na gurudumu lenye meno, mbele ya injini, jirani na puli ya kranki. Meno yakipita, inatoa mapigo ya umeme, na kwa mapigo hayo kontroli boksi inajua injini inazunguka na plagi ipi ichomwe lini. Waya wa ndani ukiwa na ufa, baridi unaushikanisha na moto unautenganisha. Mapigo yakikatika, injini inakufa papo hapo.

Kuna dalili ambayo mwenye gari anaweza kuiona mwenyewe. Gari likiwa limegoma, mwambie mwenzako apige stata huku wewe ukitazama mshale wa RPM. Injini inayozungushwa na stata huunyanyua mshale kidogo, kama mzunguko 200 au 300. Kama injini inazunguka lakini mshale umelala kabisa, mashaka yaende kwenye sensa ya kranki au waya zake. Kwenye dashibodi nyingine mshale ni mzito kuonyesha mzunguko mdogo namna hiyo, kwa hiyo mashine ya kupimia ndiyo shahidi bora.

Hapa watu wengi huihukumu pampu kwa kosa. Wanafungua swichi, wanatega sikio chini ya kiti cha nyuma, hawasikii mlio, basi pampu imekufa. Nyingi ya Toyota hizi haziendeshi pampu kwa kufungua swichi tu. Kontroli boksi huiruhusu pampu inapopata taarifa kwamba injini inazunguka. Kwa hiyo taarifa ya kranki ikipotea, pampu nzima kabisa inaweza kunyamaza. Miaka ya nyuma nilimbadilishia mama mmoja pampu kwa dalili hiihii, akarudi siku ya tatu akivutwa kwa kamba. Ilikuwa sensa. Tangu hapo sifungui tangi la mtu kabla sijapima.

Kitu kingine: sensa hiyo ukiipima kwa multimita ikiwa baridi, itakudanganya. Ipime gari likiwa limegoma, kabla halijapoa.

Nikiachia mafuta kwenye foleni linatetemeka na kuzima, hasa AC ikiwa imewashwa.

Injini ikiwa sailensa inapumua hewa kidogo sana, kupitia upenyo mwembamba kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) au kwenye vali yake ya sailensa. Masizi yakijaa pale, hewa haitoshi. AC inaongeza mzigo, injini inashindwa, inazima. Fungua bomba la hewa uangalie throto: ukikuta ukingo mweusi umegandana, isafishe kwa dawa yake na kitambaa laini. Kwenye gari lenye throto ya umeme usilisukume jani lake kwa kidole na huku swichi imefunguliwa. Baada ya kusafisha, sailensa inaweza kupanda au kuyumba mpaka kontroli boksi ijifunze upya.

Kinyume chake kipo pia: hewa ya wizi. Mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) umepasuka, gasketi ya manifoldi imekauka, au bomba kati ya filta na throto lina ufa. Hewa hiyo haikupita kwenye sensa inayopima hewa, kwa hiyo petroli yake haikuhesabiwa. Utasikia mluzi. Hiyo mipira ya miaka kumi na tano huwa migumu kama plastiki. Ishike mmoja mmoja, iminye, utaona nyufa.

Tambarare linakwenda vizuri, ila mlimani halivuti. Mlima Kitonga nilipitwa na malori.

Mlima unaidai injini kila ilichonacho, ndiyo maana ugonjwa uliojificha mjini unajitokeza pale. Na sehemu ya upungufu huo si ugonjwa. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Gari la Dar es Salaam likifika Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, litakuwa dhaifu hata kama limetoka dukani jana. Ukizidisha abiria na mizigo, utahisi.

Ila kama zamani lilipanda na sasa halipandi, pima petroli. Presha ya 1NZ-FE inapaswa kuwa kati ya kPa 304 na 343, yaani paundi 44 hadi 50. Kipimo hiki kifanyike injini ikiwa na mzigo, maana pampu iliyochoka inaweza kutoa presha nzuri likiwa limesimama, kisha ikashindwa mahitaji yanapoongezeka. Chujio la ndani ya tangi likiziba linaleta dalili ileile. Wale wa kutembea na taa ya mafuta imewaka kila siku, mnaziua pampu zenu: petroli ndiyo inayoipoza pampu, na tangi likikaribia kukauka pampu inafanya kazi ikiwa na moto, tena inavuta uchafu wa chini.

Presha ikiwa nzuri, angalia kama injini inaweza kutoa moshi. Hilo linatuleta kwenye masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba la moshi.

Masega yakiziba nitajuaje? Niyatoe tu?

Injini ni pampu ya hewa. Kisipotoka, kingine hakiingii. Masega yakiziba, gari linawaka vizuri na sailensa inatulia, lakini ukikanyaga linafika mzunguko 2,500 au 3,000 linagoma kuendelea, kama limeziba pumzi. Linaweza kupungua siku hadi siku mpaka siku moja likawaka sekunde chache na kuzima.

Njia rahisi ya kupima: fundi anafungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, kisha gari linajaribiwa kwa muda mfupi. Likirudisha nguvu ghafla, moshi ulikuwa umekwama. Wenye geji ya vakyumu wanaishikilia injini kwenye mzunguko 2,500: vakyumu ikianza juu halafu ikawa inashuka taratibu, njia ya nyuma imeziba.

Kuhusu kuyatoa: najua inafanyika sana, na najua kuna wanaoyataka kwa ajili ya madini yaliyomo ndani. Mimi nakuomba uulize kwanza kwa nini yameziba. Masega hayajizibi. Kuna plagi isiyochoma na petroli mbichi inayeyusha masega kwa joto, au kuna injini inayokula oili. Ukiyatoa bila kutibu chanzo, chanzo kinabaki. Hewa chafu nayo tunaivuta sote, na watoto wanaocheza kando ya barabara wanaivuta zaidi.

Na gari lenye dalili hizi usiliegeshe juu ya nyasi kavu. Masega yenye shida yanaweza kuwa mekundu kwa moto.

Linarukaruka, na taa ya cheki injini inamwekamweka. Inamaanisha nini?

Silinda moja au zaidi inamisi, yaani petroli yake haichomwi ipasavyo. Taa ikiwaka moja kwa moja, una muda wa kwenda gereji. Ikimwekamweka, punguza mwendo, usilipe gari mzigo, maana petroli isiyoungua inakwenda kuharibu masega.

Injini hii ina koili moja juu ya kila plagi, na hilo limerahisisha kazi. Kodi (namba ya kosa inayosomwa kwa mashine ya kupimia) ikisema P0302, silinda ya pili ndiyo inayomisi. Hamisha koili ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, futa kodi, endesha. Ikija P0303, koili imekufa na umelijua hilo bila kununua kitu. Ikibaki P0302, hamisha plagi. Bado ipo palepale? Sasa fikiria injekta, waya, au mgandamizo wa silinda. Plagi za 1NZ-FE zinataka nafasi ya milimita 1.0 hadi 1.1, na mara nyingi nakuta zimeliwa mpaka zimezidi.

Kama ilianza baada ya kuoshwa injini, toa koili utazame mashimo ya plagi. Utakuta maji. Yakaushe kwa upepo wa kompresa.

Nimepima kwa mashine ikatoa P0171. Muuza spea anasema ninunue sensa ya hewa.

Usinunue bado. P0171 inasema hewa imezidi petroli. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa sensa ya hewa chafu, inaweza kuwa mpira uliopasuka, inaweza kuwa pampu dhaifu. Kodi inakupa mtaa, nyumba unaitafuta mwenyewe.

Mwambie fundi aangalie nyongeza ya petroli ambayo kontroli boksi inaifanya, ile inayosomwa kwa asilimia. Kama iko juu sana gari likiwa sailensa, kisha inashuka kwenye mzunguko 2,500, hiyo ni hewa ya wizi: tundu ni lilelile, lakini hewa halali ikiongezeka, ya wizi haina uzito tena. Kama sailensa iko sawa na inapanda kadiri unavyokanyaga, petroli haifiki ya kutosha au sensa ya hewa inapunguza hesabu. Dakika tano za kusoma namba hizo zinazidi siku nzima ya kubadilisha vifaa.

Sensa ya hewa ukiitilia shaka, chomoa soketi yake. Kontroli boksi itatumia makadirio yake. Gari likitembea vizuri kuliko awali, sensa ilikuwa inadanganya. Mara nyingi dawa ya kuisafisha inatosha. Ukishaipulizia, iache ikauke yenyewe, usiiguse waya wake.

Nyingine za kuzijua: P0335 ni kranki, P0340 ni kamshafti, P0300 ni kumisi kusikotulia kwenye silinda moja, P0420 ni masega kutofanya kazi yake.

Kidude changu cha bluetooth cha kusomea kodi hakisomi gari. Kimeharibika?

Huenda kizima. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani kabla ya 2008 hivi yana soketi ileile ya matundu 16, lakini lugha inayozungumzwa ndani ni tofauti. Yanataka mashine inayoijua Toyota ya Japani.

Nitajuaje kama nimejaziwa petroli iliyochakachuliwa?

Kama gari lilikuwa zima, ukajaza, na kabla hujamaliza kilomita chache likaanza kukohoa, una haki ya kushuku. Toa kidogo kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie. Maji yatakaa chini na utaona mstari. Kwa mafuta ya taa, dondoshea matone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inayeyuka ikaacha karatasi karibu ilivyokuwa, mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta linalochelewa kukauka. Si kipimo cha maabara, lakini kinakupa mwelekeo. Mafuta huwekwa vinasaba (kemikali ya alama) kwa ajili hiyohiyo ya kuwabana wachakachuaji, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hupokea malalamiko. Tunza risiti. Bila risiti huna pa kuanzia.

Nikifungua kifuniko cha tangi nasikia "fyuuu", halafu gari linawaka.

Tangi halipumui. Petroli inatoka, hewa haiingii, mvuto unaishinda pampu. Endesha siku moja kifuniko kikiwa kimelegezwa kidogo. Tatizo likiondoka, tafuta njia ya hewa iliyoziba kwenye kifuniko au mipira ya mvuke. Kawaida ni vumbi, wakati mwingine ni nyigu waliojenga humo.

Injini inaunguruma vizuri lakini gari haliendi. Na wakati mwingine linazima nikisimama tu.

La kwanza ni gia boksi: injini inapanda mzunguko, mwendo hauongezeki. Angalia oili ya gia, kiwango na harufu. Ikinuka kuungua, usiendelee. La pili, kwa gari la otomatiki linalozima kila unaposimama ukiwa kwenye D lakini likiwa N halizimi, linaweza kuwa kufuli la ndani ya gia boksi limeshindwa kuachia. Ni sawa na kusimamisha gari la manyuali bila kukanyaga klachi. Watu wamesafisha throto mara nne kwa tatizo hili.

Linawaka sekunde mbili, linazima. Kila mara.

Tazama taa ndogo ya ufunguo au ya usalama. Ikimwekamweka baada ya kufungua swichi, gari haliutambui ufunguo. Jaribu ufunguo wa akiba kabla ya kitu kingine chochote.

Taa ya betri iliwaka, taa za mbele zikafifia, kisha likazima.

Altaneta haichaji, gari lilikuwa linaishi kwa betri mpaka ikaisha. Injini ikizunguka, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikizimwa na kupumzika, 12.6 ni betri iliyojaa. Kaza na vichwa vya betri, pamoja na waya wa asi (ethi) unaoshika bodi; nimeona gari lililozunguka gereji tatu kwa ajili ya nati moja.

Pesa ni kidogo. Nianzie wapi?

Kwa visivyohitaji spea. Filta ya hewa uitoe uitazame juani. Vichwa vya betri na asi. Mipira ya vakyumu. Usafi wa throto na sensa ya hewa. Kubadilishana koili. Kisha lipia kipimo cha presha ya petroli, hata kama fundi anasema hakihitajiki. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pampu. Ukifika wakati wa kununua sensa, sensa ya kranki ya bei ya kutupa inaweza kukuangusha ndani ya mwezi. Kwa kifaa hicho ningechagua halisi ya mtumba iliyotoka kwenye injini iliyokatwa kuliko mpya isiyo na jina.

Nikilifikisha gereji halizimi kabisa. Nikiondoka, linazima. Nifanyeje?

Usikubali kubadilishiwa chochote siku ambayo halikuonyesha ugonjwa. Lilete likiwa na moto, moja kwa moja kutoka kwenye foleni, bila kulizima njiani. Mwombe fundi apande nawe mashine ikiwa imechomekwa na inarekodi, na geji ya petroli imefungwa pale inapoonekana. Kama fundi hana nafasi, mpe abiria wako simu airekodi dashibodi kwa video. Siku litakapozima, zile sekunde tatu za kabla na baada, mshale wa RPM ulikwendaje, taa ipi ilitangulia, zitamwambia fundi mengi. Nimewahi kumaliza kazi ya miezi miwili kwa video kama hiyo: mshale wa RPM ulidondoka hadi sifuri wakati gari bado linakwenda kilomita 60 kwa saa, na magurudumu bado yanaizungusha injini. Nikaenda moja kwa moja kwenye soketi ya sensa ya kranki, nikakuta pini moja imerudi nyuma.